Namna ya Kupima Jinsi Uchumi Unavyoitegemea Serikali

Mjadala kuhusu ukubwa wa serikali huendeshwa mara nyingi kwa tarakimu moja, yaani matumizi yote ya serikali yakigawanywa kwa pato la taifa. Anayetaka serikali ipunguzwe huitaja kama ushahidi kwamba imevimba, anayetaka iongezwe huitaja kama ushahidi kwamba imedhoofika, na wote wawili huchukulia kwamba kinachobaki hadi kufikia asilimia mia moja ndicho cha sekta binafsi. Dhana hiyo haina msingi katika hesabu za taifa, na sababu yake itaonekana hapa chini. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuivunja tarakimu hiyo vipande vipande ili msomaji ajue, kwa nchi yoyote anayoichunguza, nani analipa, nani anafanya kazi yenyewe, na mambo yakiharibika nani anabeba hasara. Majibu ya maswali hayo yamo katika nyaraka za umma, ila hayako mahali pamoja.

Tafuta nyaraka zinazoonyesha kilichotumika

Shirika la International Budget Partnership, linalopima uwazi wa bajeti duniani, huhesabu nyaraka nane ambazo kila serikali inapaswa kuzichapisha: taarifa ya awali kabla ya bajeti, mapendekezo ya bajeti, bajeti iliyoidhinishwa, bajeti ya wananchi, taarifa za utekelezaji ndani ya mwaka, mapitio ya nusu mwaka, taarifa ya mwisho wa mwaka na ripoti ya ukaguzi. Wachambuzi wengi huishia kwenye hotuba ya bajeti, ambayo ni tamko la nia. Kwa kazi hii unahitaji hasa mbili za mwisho, kwa sababu ndizo zinazoonyesha fedha zilizotoka kweli.

Chukua bajeti iliyoidhinishwa na taarifa ya mwisho wa mwaka kwa miaka mitatu iliyopita, kisha gawanya kilichotumika kwa kilichoidhinishwa. Mfumo wa PEFA, unaotumika kupima usimamizi wa fedha za umma, hutoa daraja la juu kabisa pale ambapo matumizi halisi yalikuwa kati ya asilimia 95 na 105 ya yaliyoidhinishwa katika angalau miaka miwili kati ya mitatu. Ukikuta nchi inatumia asilimia 80 mwaka baada ya mwaka, usihangaike tena na bajeti yake. Fanya uchambuzi wote kwa matumizi halisi. Angalia pia ni fungu gani linalokatwa, kwa maana mishahara na riba ya madeni hulipwa karibu yote, na pengo huangukia miradi ya maendeleo, ambayo ndiyo inayowapa wakandarasi binafsi kazi. Kwa hiyo bajeti inayoahidi ujenzi mkubwa yaweza kuishia kuwa, kwa vitendo, bajeti ya mishahara na riba.

Chora mpaka kabla ya kuhesabu

Neno serikali lina mipaka zaidi ya mmoja. Kuna serikali kuu peke yake. Kuna serikali kwa maana pana, inayojumuisha serikali za mitaa, majimbo na mifuko ya hifadhi ya jamii. Na kuna sekta ya umma, ambayo huongeza mashirika ya umma na benki za serikali. Ukilinganisha serikali kuu ya nchi moja na serikali pana ya nchi nyingine, hasa ikiwa moja kati yao ni ya shirikisho, matokeo yako hayana maana yoyote. Tumia serikali kwa maana pana kama kipimo cha kwanza, kisha yafanyie mashirika hesabu ya pembeni.

Swali gumu ni shirika lipi lihesabiwe ndani na lipi nje. Kanuni za takwimu za Ulaya za mwaka 2010 hutumia kigezo kilicho wazi: taasisi inayomilikiwa na serikali ambayo mauzo yake hayafikii nusu ya gharama zake za uzalishaji kwa kipindi cha miaka kadhaa huingizwa ndani ya serikali, hata kama ina jina la kampuni na bodi ya wakurugenzi. Kigezo hiki unaweza kukitumia mwenyewe ukiwa na hesabu zilizokaguliwa za shirika husika. Angalizo moja tu: mauzo kwa serikali yenyewe yanahitaji kutazamwa kwa jicho kali, kwa sababu shirika linaloiuzia wizara huduma kwa bei iliyopangwa na wizara hiyohiyo halijathibitisha kwamba linaishi kwa soko.

Singapore inaonyesha kwa nini hatua hii haifai kurukwa. Matumizi ya serikali yake kwa kawaida ni chini ya asilimia 20 ya pato la taifa, kiwango cha chini sana kwa nchi tajiri, na kwa tarakimu hiyo peke yake ungesema ni paradiso ya sekta binafsi. Hata hivyo, takriban asilimia 80 ya wakaazi wake huishi katika nyumba zilizojengwa na Bodi ya Nyumba na Maendeleo, iliyoanzishwa mwaka 1960; wafanyakazi wake hulazimika kuweka akiba katika mfuko mkuu ulioanzishwa mwaka 1955; na serikali humiliki kampuni ya uwekezaji ya Temasek, iliyoundwa mwaka 1974, yenye hisa katika makampuni makubwa ya nchi. Dola hiyo ni ndogo katika matumizi na ni kubwa katika umiliki, na matumizi ndiyo pekee yanayoonekana katika uwiano unaotajwa magazetini.

Yagawe matumizi kwa aina zake

Hii ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote, na haihitaji zaidi ya kalamu na karatasi. Tuchukue nchi ya kubuni yenye pato la taifa la 1,000 katika fedha yoyote ile, ambayo serikali yake hutumia 400. Ukifungua jedwali la matumizi kwa aina za kiuchumi, unakuta mishahara 110, ununuzi wa bidhaa na huduma 60, pensheni na posho za kijamii 150, ruzuku kwa wazalishaji 10, riba 30, na ujenzi na mitambo 40. Jumla ni 400, yaani asilimia 40 ya pato la taifa.

Je, serikali hiyo huzalisha asilimia 40 ya uchumi? Hapana. Katika hesabu za taifa, thamani ambayo serikali yenyewe huongeza hupimwa kwa gharama zake za ndani, yaani mishahara pamoja na uchakavu wa majengo na mitambo yake. Uchakavu hauonekani katika malipo ya fedha taslimu, lakini tuuweke kuwa 20. Mchango wa serikali katika uzalishaji ni 130, sawa na asilimia 13. Zile 150 za pensheni na posho ni fedha zilizotolewa kwa walipakodi na kupewa kaya nyingine, na hazizalishi kitu hadi mpokeaji anapozitumia, mara nyingi kwa muuzaji binafsi. Riba huwaendea wenye hatifungani, yaani hati za waliyoikopesha serikali. Ununuzi na ujenzi, jumla 100, ni soko: asilimia 10 ya pato la taifa ambayo serikali huinunua, kwa sehemu kubwa, kutoka kwa makampuni.

Kwa hiyo katika nchi hiyohiyo moja unaweza kusema kwa ukweli kwamba serikali hutumia asilimia 40, huzalisha asilimia 13, hununua asilimia 10 na huhamisha asilimia 15. Anayesema sekta binafsi imebakiwa na asilimia 60 amefanya hesabu ya kutoa kwa vitu visivyo vya aina moja. Kwa kuwa fedha ileile inaweza kukusanywa, kuhamishwa na kukusanywa tena, matumizi ya serikali kinadharia yanaweza hata kuzidi pato lote la taifa bila soko kutoweka. Ufaransa, ambayo matumizi yake yako karibu na asilimia 57, haina uchumi ambamo zaidi ya nusu ya kazi hufanywa na watumishi wa umma. Sehemu kubwa ya kiasi hicho ni pensheni, matibabu na posho.

Ukimaliza mgawanyo huu, ufanye tena kwa kazi za serikali. Mfumo wa kimataifa una mafungu kumi: huduma za jumla, ulinzi, usalama wa raia, shughuli za kiuchumi, mazingira, makazi, afya, utamaduni, elimu na hifadhi ya jamii. Fungu la shughuli za kiuchumi lichunguze kwa makini kuliko mengine, kwa sababu ndimo ruzuku kwa wazalishaji hujificha ndani ya majina ya kilimo, nishati na uchukuzi.

Ihoji namba iliyo chini ya mstari

Uwiano unaweza kubadilika bila serikali kubadilisha chochote. Uchumi ukinywea, pato la taifa hupungua na uwiano wa matumizi hupanda. Mwaka 2020 mambo mawili yalitokea kwa pamoja katika nchi nyingi, matumizi yakiongezeka huku pato likishuka, na waliolinganisha mwaka huo na 2019 waliona ukuaji wa serikali ulio mkubwa kuliko uliokuwepo. Kinyume chake ni Ireland, ambayo Julai 2016 ilitangaza kwamba pato lake lilikuwa limekua kwa takriban asilimia 26 katika mwaka 2015, kwa sababu makampuni ya kimataifa yalihamishia huko mali zao zisizoshikika, kama haki miliki. Kwa hesabu hiyo serikali ilionekana kusinyaa ghafla, na ofisi ya takwimu ya nchi hiyo ililazimika kutengeneza kipimo cha pato kilichorekebishwa ambacho huondoa athari hizo. Kwa Ireland tumia hicho.

Hakikisha pia unajua asilimia unayosoma ni ya nini. Azimio la Abuja la mwaka 2001, ambamo nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika, uliotangulia Umoja wa Afrika, zilikubali kutenga angalau asilimia 15 kwa afya, lilikuwa linazungumzia bajeti ya serikali. Hata hivyo si ajabu kuikuta asilimia hiyo ikiwekwa bega kwa bega na asilimia za pato la taifa za nchi nyingine.

Tenganisha anayelipa na anayetenda

Huduma inaweza kulipiwa na umma na kutolewa na mtu binafsi. Nchini Japani, takriban hospitali nne kati ya tano ni za binafsi, lakini wagonjwa hulipiwa na bima ya lazima, na bei ya kila huduma hupangwa katika orodha moja ya taifa inayorekebishwa kila baada ya miaka miwili. Hospitali ni ya daktari, soko ni la serikali. Uswidi nayo, tangu mageuzi ya mwaka 1992, huruhusu shule zinazoendeshwa na makampuni kupokea fedha za umma kwa kila mwanafunzi. Huwezi kuziita huduma hizi za serikali wala za sekta binafsi bila kusema unazungumzia upande upi.

Kipimo rahisi cha upande wa utendaji ni ajira. Nchini Norwe, karibu watu watatu kati ya kumi walio kazini wameajiriwa na serikali kwa maana pana. Japani hawafiki mmoja kati ya kumi. Tofauti hiyo haimaanishi kwamba raia wa Japani anaitegemea serikali yake mara tatu chini ya raia wa Norwe. Sehemu kubwa yake inatokana na uamuzi wa nani aandike jina lake kwenye hati ya mshahara wa muuguzi.

Weka basi jedwali lenye safu tatu kwa kila huduma kubwa: chanzo cha fedha, mtoaji wa huduma, na mpangaji wa bei. Safu ya tatu husahaulika, nami naiona kuwa muhimu kuliko mbili za kwanza, kwa kuwa kampuni isiyopanga bei yake wala haiwezi kumkataa mteja wake ina uhuru mdogo sana wa kuitwa binafsi.

Yatafute makampuni yanayoishi kwa zabuni

Ununuzi wa umma ni takriban asilimia 13 ya pato la taifa katika nchi wanachama wa OECD, jumuiya ambayo wengi wake ni nchi tajiri, na kwa baadhi ya sekta, kama barabara, dawa na ulinzi, serikali ndiyo mteja mkuu. Ili kujua utegemezi wa kampuni fulani, soma maelezo yaliyoambatanishwa na hesabu zake za mwaka: viwango vya uhasibu huitaka kampuni yenye hisa sokoni ieleze kama ina mteja anayefikia asilimia 10 ya mapato, ingawa si lazima imtaje kwa jina. Soma pia matangazo ya washindi wa zabuni, uyapange kwa jina la mshindi, uone ni wangapi wanaorudi kila mwaka.

Kuanguka kwa Carillion nchini Uingereza ni somo linalostahili kusomwa kwa utulivu. Kampuni hiyo ya ujenzi na huduma ilikuwa na watu wapatao 43,000 duniani na mamia ya mikataba ya umma, kuanzia hospitali hadi magereza na shule. Kwenye vitabu ilikuwa ya binafsi kabisa, yenye hisa sokoni na gawio kwa wanahisa. Ilishinda zabuni kwa bei za chini mno, ikawalazimisha wakandarasi wadogo kusubiri malipo hadi siku 120, na fedha hizo za kusubiriwa zikawa ndizo zinazoiendesha. Ilipofilisika Januari 2018, serikali haikuweza kuacha hospitali bila wasafishaji wala wanafunzi bila chakula, hivyo ililipia huduma ziendelee, huku wakandarasi wadogo wakibaki na ankara zisizolipwa. Faida ilikuwa imegawanywa miaka iliyotangulia. Ukiuliza nani alibeba hasara, jibu ni walipakodi, wadai wadogo na mfuko wa kulinda pensheni, pamoja na wanahisa waliokuwepo siku ile.

Serikali yenyewe yaweza kuwa mdaiwa sugu. Malimbikizo ya madeni kwa wazabuni ni mkopo usio na riba ambao serikali hujipa kutoka kwa makampuni, na hauonekani katika matumizi ya fedha taslimu kwa kuwa hakuna kilicholipwa. PEFA hutoa daraja la juu pale tu malimbikizo yasipozidi asilimia 2 ya matumizi yote. Itafute tarakimu hiyo katika ripoti ya mkaguzi mkuu. Ikiwa kubwa, makampuni ya nchi hiyo huenda yanafadhili serikali zaidi ya yanavyofadhiliwa nayo, na yale yasiyo na mtaji wa kusubiri yameshajiondoa kwenye zabuni, yakiwaachia wenye mitaji au wenye marafiki.

Ongeza yale yasiyoandikwa kama matumizi

Msamaha wa kodi na ruzuku vinaweza kumfikisha mpokeaji mahali pamoja, lakini kimoja huitwa matumizi na kingine huitwa kodi isiyokusanywa. Marekani, kwa sheria ya bajeti ya mwaka 1974, hulazimika kuchapisha orodha ya misamaha hiyo pamoja na thamani yake. Pale orodha kama hiyo inapokuwepo, ijumlishe pembeni mwa matumizi; pale isipokuwepo, andika wazi kwamba hesabu yako ya msaada kwa sekta binafsi ni pungufu.

Mikataba ya ubia ni fungu la pili. Uingereza ilianza mpango wake mwaka 1992, ambapo kampuni hukopa, hujenga hospitali au shule, kisha serikali hulipa kwa miaka 25 au 30. Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ilieleza mwanzoni mwa 2018 kwamba mikataba zaidi ya 700 yenye thamani ya ujenzi ya takriban pauni bilioni 60 ilikuwa imebakisha malipo ya pauni bilioni 199 hadi miaka ya 2040, malipo hayo yakiwa yanajumuisha pia uendeshaji na matengenezo. Oktoba mwaka huohuo serikali ilitangaza kwamba haitaingia mikataba mipya ya aina hiyo. Unapokutana na ubia, usiulize kwanza kampuni imewekeza kiasi gani. Uliza watumiaji wakipungua nani anafidia, na kama mkataba una kifungu cha mapato ya uhakika, uhesabu kama deni la serikali.

La tatu ni dhamana. Mwishoni mwa Septemba 2008 serikali ya Ireland ilidhamini madeni ya benki zake kubwa, kiasi cha takribani mara mbili ya pato la taifa la mwaka mzima, bila kutumia hata senti moja siku hiyo. Mwaka 2010 gharama zilipoingizwa vitabuni, nakisi ya bajeti ilifikia takriban asilimia 32 ya pato la taifa. Benki hizo zilikuwa za binafsi hadi hasara ilipofika.

Kuhusu utegemezi wa raia

Hapa nashauri uangalifu mkubwa, kwa sababu hesabu hufuata ufafanuzi. Ukiwahesabu tu wanaopokea posho ya ukosefu wa kazi, watu wachache watakuwa tegemezi. Ukiongeza pensheni, thamani ya shule na matibabu ya bure, karibu kila kaya itakuwemo katika kipindi fulani cha maisha yake. Mstaafu aliyechangia miaka 40 hafanani na kampuni inayopewa ruzuku bila sharti, ingawa wote wawili huonekana katika safu ya malipo.

Utegemezi wa ajira nao una sura yake. Nchini Kuwait raia walio wengi sana kati ya walioajiriwa hufanya kazi serikalini, wakati sekta binafsi huendeshwa hasa na wafanyakazi wa kigeni, na mishahara yote hiyo ya umma hutegemea mafuta. Ukiangalia wastani wa wafanyakazi wote pamoja, hali hiyo haionekani. Ni lazima utenganishe raia na wageni.

Malizia kwa upande wa mikopo

Hatua ya mwisho ni kuangalia kama serikali inaiachia sekta binafsi nafasi ya kukopa. Chukua taarifa ya benki kuu, ulinganishe mikopo ya benki kwa sekta binafsi na hatifungani za serikali ambazo benki hizo zinashikilia, kwa miaka mitano hivi. Benki inayopata riba nono kwa kuikopesha serikali, ambayo kwa kawaida haimwogopeshi mkopeshaji wa ndani, haina sababu ya kuhangaika kumchunguza mwenye karakana anayeomba mtaji. Hata hivyo, usiharakishe kusema kwamba kila mkopo wa serikali humfukuza mwekezaji. Uchumi ukiwa umedorora na makampuni hayana wateja, matumizi ya umma huweza kuyavuta yawekeze; uchambuzi wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa Oktoba 2012 ulionyesha kwamba watabiri walikuwa wamekadiria chini mno madhara ya kubana matumizi barani Ulaya katika miaka iliyofuata msukosuko wa fedha. Kwa hiyo isome mistari hiyo miwili pamoja na kiwango cha riba: mikopo binafsi ikishuka huku riba ikipanda, huenda serikali inaisukuma kando, ikishuka huku riba nayo ikishuka, tatizo linaelekea kuwa uhaba wa wateja.

Ukiwa na jedwali la matumizi kwa aina, jedwali la huduma lenye safu tatu, orodha ya madeni yasiyoandikwa na mistari miwili ya mikopo, rudia zoezi lote ripoti mpya ya ukaguzi inapotoka, ukitumia mipaka na vigezo vilevile ulivyovitumia mwaka uliotangulia. Ofisi ya takwimu ikibadilisha kanuni au mwaka wa kizio wa pato la taifa, yaani mwaka ambao bei zake hutumika kulipima, hesabu upya miaka yote ya nyuma kabla ya kulinganisha.